Neno la Wimbo na Haki ya Jirani

Vijana wetu wapenda sana muziki wa kufokafoka, yaani rap, ambamo maneno husemwa mbiombio juu ya mdundo wa ngoma. Wazee wengine wasema: Hizo ni kelele tu, tena ni utovu wa heshima, kwa maana wakubwa watajwa hadharani. Vijana wajibu: Tukinyamaza sisi, nani atasema? Basi, yatupasa kujiuliza: Je, ni halali kuyatangaza kwa wimbo maovu ya wenye nguvu? Na ikiwa ni halali, ni kwa masharti gani?

Muziki huu ulianza mwaka 1973 katika mtaa wa Bronx, mjini New York, Marekani, kwa watu weusi na wahamiaji maskini. Hawakuwa na gazeti wala kiti bungeni. Walikuwa na kinywa. Ulipofika Afrika ya Mashariki, wengi waliuimba kwanza kwa Kiingereza. Hata katika miaka ya 1990 vijana watatu wa Dandora, mjini Nairobi, walioitwa Kalamashaka, wakaimba kwa Kiswahili cha mitaa yao, na jirani zao wakasikia habari zao wenyewe. Jambo hili si dogo. Mama auzaye samaki sokoni hapati neno katika hotuba ya Kifaransa. Lakini shida yake ikitajwa kwa lugha yake, ajua ya kuwa naye ahesabiwa kuwa mtu.

Mfano mwema ni wimbo wa Professor Jay wa Tanzania, uitwao "Ndio Mzee", uliotoka mwaka 2001. Ndani yake mgombea kura atoa ahadi ambazo hata mtoto angezicheka, na umati wamwitikia kwa maneno hayohayo ya jina la wimbo. Watu walicheka sana. Lakini tufikiri: nani ashtakiwa hapo? Mgombea peke yake? La, hata waitikiaji washtakiwa, kwa maana uongo usioitikiwa hauna nguvu. Nasi hapa Kindu, wakati wa kura, je, hakuna aliyeitikia kwa ajili ya kikwembe kimoja na chumvi kidogo? Tena Professor Jay mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Tangu siku ile wimbo wake ukawa mizani ya kumpimia yeye pia. Ndiyo haki ya kweli: neno umpimialo mwenzako likupime na wewe.

Basi, wimbo wa namna hii ni ushuhuda, na shahidi ana masharti yake. Kwanza, ataje tendo. Akisema tu, "Wakubwa ni wezi," amesema kidogo. Lakini akisema kwamba mwalimu wa shule fulani hajapata mshahara miezi mitano, neno lake laweza kupimwa, na mkosa hana pa kujificha.

Pili, asihukumu kabila wala wageni kwa jumla. Mji wetu wajua bei ya kosa hili. Mwezi wa Novemba 1961 wanahewa 13 wa Italia walitua Kindu na ndege mbili, wakileta mahitaji ya askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaya. Walidhaniwa kuwa mamluki wa Katanga, wakakamatwa, wakauawa. Hakuna aliyengoja kuuliza. Neno lisilopimwa liliwatosha watu kuua. Siku hizi neno huenda mbio kuliko zamani kwa sababu ya simu. Wimbo mmoja wa kulaani watu wa lugha fulani wafika kila kijiji kabla ya jioni. Amri ya nane haiachi kutufunga kwa sababu kuna ngoma chini ya maneno.

Hata hivyo, hatari hiyo isitufanye tuwafunge vijana vinywa. Mwimbaji Delcat Idengo wa Kivu ya Kaskazini aliwalaumu wakuu kwa nyimbo zake, akatiwa gerezani mwaka 2021. Tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi mjini Goma, ambao M23 walikuwa wameuteka. Mtu aweza kukataa maneno yake mengi. Lakini risasi si jibu la neno. Neno hujibiwa kwa neno, na lawama ya kweli hujibiwa kwa kutengeneza.

Ninyi wazee, sikilizeni kwanza, ndipo mkemee. Ninyi vijana, semeni mliyoyaona, wala msiongeze. Nasi sote tunaocheza ngoma hiyo, tujiulize kila mara: Je, wimbo huu wamtetea jirani, au wamtafuta wa kumchukia? Na yule "mzee" mwongo akija tena kuomba kura, tumwitikie nini?