Kuungama kwa Watu Usiowakosea

Pale maskani Umoja, kila mtu anajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nimeisimulia hiyo stori hadi ina mahali pa kuchekea: navaa, nabeba begi, nadandia matatu, nashukia Jogoo Road, nashinda maktaba ya Kaloleni, jioni narudi nikilalamika kuwa masomo yamenichosha. Nikimaliza nasema, "Mimi ni mwongo, jo." Wanacheka. Nami nalala nikijiona mtu mkweli.

Huko maktaba ndiko nilikosoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe huku akiwapima wote wanaomzunguka. Nilimwamini kabisa. Baadaye ndipo nikashtuka: nilimwamini kwa sababu sikuwa nikisikia sauti nyingine.

Kisha nikasoma Notes from Underground ya Dostoyevsky, ya 1864. Msimulizi wake ni mjanja zaidi. Anakwambia alikuwa mtumishi wa serikali mwenye roho mbaya, halafu kidogo tu anakiri hapo alidanganya. Ukisikia hivyo unalegea. Mtu anayejishtaki hivi atanificha nini tena?

Lakini angalia anaungama kwa nani. Akiwa na miaka 24 alimdhalilisha Liza, msichana wa danguro aliyemwendea nyumbani baada ya kuyaamini maneno yake matamu. Alimtia pesa mkononi, kama malipo. Liza aliziacha mezani akaenda zake. Jamaa akatoka mbio kumfuata, akasita njiani, akarudi. Sasa ana miaka 40 na anawasimulia "waungwana" ambao hata hawapo. Liza hakumwona tena.

Kwa hivyo simlaumu kwa uongo. Huenda kila alichokiri ni kweli. Kosa lake ni kuupeleka ukweli kwa watu wasiomdai. Msamaha wa mtu usiyemkosea ni rahisi sana kupata.

Mathe bado ananiuliza nitafuzu lini. Ameanza kuweka pesa za kukodi matatu ya kuleta watu wa ushago siku hiyo. Maskani hawanidai chochote. Anayenidai yuko jikoni, anakatakata sukuma.

Na makala hii nayo ni maskani tu. Ukikutana nami, usinisifu kwa kusema ukweli. Niulize kama nimeshaingia jikoni.