Usimpikie Mtoto, Mpikie Mama

Somo: Kutoka 2:1–10

Njoni tusimame kidogo pale ukingoni mwa Mto Nile. Kisafina kimefunguliwa. Ndani yake mna mtoto wa miezi mitatu, analia. Aliyesimama mbele yake ni binti Farao, mtoto wa ikulu. Kwao kuna mazizi ya ng'ombe, kuna wapishi, kuna maghala ya ngano. Angepiga kofi moja tu, jiko zima la mfalme lingewashwa kwa ajili ya yule mtoto. Lakini dada wa mtoto anajitokeza na kuuliza kama aende akatafute mama wa kumnyonyesha, na binti Farao anakubali papo hapo. Haagizi sufuria, haagizi ng'ombe akamuliwe. Yokebedi anaitwa, anampakata mwanawe wa kumzaa, anamnyonyesha, tena kwa mshahara.

Lishikeni neno hilo, mshahara. Nitalirudia.

Nimelileta somo hili kwa sababu ya chupa niliyoikuta katika chumba kimoja cha kupanga huko Mbagala. Nilikwenda kumwombea mzazi. Mtoto alikuwa na miezi miwili na nusu. Juu ya meza palikuwa na chupa ya chai nyekundu, na kando yake chupa ya kunyonyea ambayo alama za vipimo zilikuwa zimefutika kwa kusuguliwa. Bibi wa mtoto akanifungulia kifuniko kwa fahari. Yalikuwa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji ya mchele, yakatiwa sukari. Akaniambia, "Mchungaji, kopo la dukani lilitushinda bei, tukatumia akili."

Mtoto alikuwa ametulia. Kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba ameshiba. Kisha nikamshika. Ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Winda lilikuwa kavu tangu asubuhi. Na mlangoni majirani walikwisha kukata kesi: mtoto amebemendwa! Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa, amebeba aibu ya dhambi asiyoitenda.

Nasema mbele za Mungu, hakuna aliyembemenda yule mtoto. Alikuwa na njaa huku tumbo limejaa! Utulivu tuliousifia ulikuwa udhaifu wa mtoto asiye na nguvu hata za kulia. Tulimkimbiza kituo cha afya saa ileile, akapona. Wapo ambao hawakuwahi.

Sitamhukumu yule bibi. Alitenda kwa upendo, na mfukoni hamkuwa na kitu. Lakini upendo hauna kijiko cha kupimia madini ya chuma. Sikilizeni. Maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama, na chumvi nyingi kuliko figo changa zinavyoweza kuchuja. Mungu aliyapanga kwa ajili ya ndama, anayesimama siku ileile aliyozaliwa na kumfuata mama yake malishoni. Mwanao atahitaji karibu mwaka mzima kabla hajapiga hatua. Ukiyazimua kwa maji, chumvi inapungua, lakini mafuta yanayomjenga yanapungua pia. Ukitia sukari, umerudisha utamu. Chuma na vitamini hukuzirudisha. Na utumbo wa mtoto mchanga ukilishwa maziwa hayo unaweza kuvuja damu kidogo kidogo, usiione kwa macho, mpaka siku utakapoona viganja vimekuwa vyeupe.

Utaniambia, basi ya mbuzi. Hayo yana upungufu mkubwa wa asidi ya foliki, na mtoto hupungukiwa damu. Tui la nazi? Maji ya mchele? Hayo ni maji yenye rangi ya maziwa. Asali? Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa, kwa maana inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Uji wa unga wa lishe, wenye karanga na mahindi na soya? Una wakati wake, nao ni baada ya miezi sita. Hata wakati huo chagua nafaka safi, maana tuliona mwaka 2016 sumukuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara.

Wala msidhani haya ni masharti ya kuwaonea maskini. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliwahi kufundisha namna ya kuyarekebisha maziwa ya wanyama nyumbani kwa ajili ya watoto wachanga. Likapima, likaona upungufu, na miongozo yake ya mwaka 2010 ikasema wazi kwamba hayafai katika miezi sita ya kwanza. Wataalamu walitubu! Sisi ni nani tuendelee? Marekani nako, mwaka 2021, mamlaka ya chakula na dawa ilitoa onyo baada ya watoto walionyweshwa maziwa ya kujitengenezea kulazwa hospitali kwa kupungukiwa kalsiamu. Kama nchi yenye friji kila nyumba imeshindwa, jiko letu la mkaa litaweza?

Wala silipigii debe kopo. Kopo nalo linataka maji salama. Botswana, mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, kuhara kuliwaua watoto wengi, na walioanguka zaidi ni wale waliokuwa wakinywa maziwa ya kopo. Walipewa kopo ili kuwaepusha na virusi vya ukimwi, maji yakawaua. Leo mama mwenye virusi anayemeza dawa zake bila kuruka anaelekezwa kliniki anyonyeshe. Mama, usiogopeshwe na maneno ya mtaani. Meza dawa, nyonyesha.

Lakini nasikia kilio kutoka viti vya nyuma: "Mchungaji, mimi maziwa sina." Dada yangu, sikubishii, ila nikuulize: yalianza kupungua lini? Mara nyingi huanza siku ile ya chupa ya kwanza. Titi ni kisima kinachojaa kwa kuchotwa. Mtoto akishibishwa uji, hanyonyi. Asiponyonya, mwili unadhani maziwa hayahitajiki. Kesho maziwa ni machache, kesho kutwa unaongeza uji. Ile "sina" iliyoanza kama hofu inageuka kuwa kweli. Mtoto akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukipanda, anashiba. Usipopanda, nenda kwa muuguzi akutazame unavyompakata na anavyoshika titi. Hata maziwa yaliyokatika huweza kurudi mtoto akiwekwa titini mara kwa mara, usiku na mchana.

Na wewe unayewahi sokoni alfajiri, dawa yako ni kukamua. Nawa mikono, kamua kwa vidole kwenye kikombe safi chenye mfuniko, kiweke mahali pa baridi. Yatumike ndani ya saa 4. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo, taratibu. Hayo ndiyo maziwa ya kutengeneza nyumbani!

Sasa nageukia mshahara. Yokebedi alilipwa na nyumba ya adui yake. Je, Yokebedi wa nyumbani kwako analipwa nini? Baba, mkeo ana wiki tatu tangu ajifungue, na ndoo ya maji bado iko kichwani kwake. Mama mkwe, unamkorogea mjukuu uji wakati mzazi amelalia chai ya rangi. Mwili wake unakopa kwenye mifupa na damu yake mwenyewe ili mtoto anywe, nanyi mnasema maziwa yake mepesi! Yale maziwa ya ng'ombe kwenye ile chupa ya chai, mpeni yeye ayanywe. Mpikieni mtori, dagaa, maharage, mchicha. Mchukulieni nguo za kufua. Mpeni usingizi wa saa mbili.

Mwajiri uliyeketi safu ya mbele, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini hadi saa 2 kila siku za kunyonyesha. Usizihesabu kama hisani yako. Na yule dada wa kazi anayelea watoto wako huku wake yuko kijijini anakunywa maji ya mchele, Mungu anamwona yeye, na anakuona wewe.

Wapo wasioweza kabisa. Mama amefariki. Mama anatumia dawa ambazo daktari amezikataza kwa anayenyonyesha. Kwao titi la shangazi au jirani aliyepimwa afya ni njia ya kale na ya heshima. Ndugu wa kunyonya ni ndugu. Pasipo hilo, basi kopo, kwa maelekezo ya kliniki: maji yachemke, unga utiwe yakiwa bado ya moto sana, kijiko kisawazishwe, yapoe kabla ya kunywesha, yanayobaki yamwagwe. Na kopo hilo asilinunue bibi peke yake! Kanisa linalonunua spika mpya halishindwi kumnunulia yatima maziwa. Bibi akirefusha kopo la wiki moja liwe la wiki tatu kwa kuongeza maji, ujue sadaka yetu ndiyo iliyozimuliwa.

Jumapili hii ukitoka ibadani, pitia nyumba yenye mtoto mchanga. Usianze kuuliza mtoto anakunywa nini. Uliza mama yake amekula nini, kisha ukunje mikono ya shati uingie jikoni.

Amina.