Heshima ya Ukoo: Ni Mali au ni Deni?

Mtu akizaliwa katika nyumba ya watawala, na utawala wenyewe ukawa umekwisha, amebakiwa na nini? Swali hili si la nchi za mbali tu. Hapa Hasamba, na katika Unyiha wote, bado tunamjua mzee aitwaye mwene, ingawa hana askari wala hakusanyi kodi. Yafaa tujiulize heshima hiyo yatoka wapi, na ni ya kazi gani.

Huko Ujerumani jambo hili lilikatwa kwa sheria. Katiba yao ya mwaka 1919 iliondoa haki za pekee zilizotokana na kuzaliwa, na vyeo vya masultani wao vikageuka kuwa sehemu ya jina tu. Leo mkuu wa ukoo wa namna hiyo hana amri juu ya jirani yake kuliko aliyo nayo fundi seremala. Tanganyika nayo ilifuta uchifu mwaka 1963. Na aliyeiongoza serikali iliyoufuta, Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki.

Tuitazame nyumba moja ijulikanayo, ya Mkwawa wa Uhehe. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajiua asije akakamatwa. Fuvu lililopelekwa Ujerumani lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Uchifu ulipofutwa, huyu hakukaa kivulini akihesabu mababu. Alikuwa amekwisha kuwa Spika wa Bunge tangu 1962, akakikalia kiti hicho hata 1973, na tena toka 1975 hadi 1994. Pale hakuketi kwa damu, bali kwa kanuni, na kanuni hizo zilimfunga yeye kama zilivyomfunga mbunge wa mwisho. Mwaka 2015, mwanawe Abdul alipofariki, Wahehe walimsimika mjukuu wake, kijana wa umri wa shule. Sheria haikumpa mtoto huyo mamlaka yoyote; heshima alipewa na watu.

Wako wasemao kwamba huo ni upuuzi, maana damu ya mtu ni sawa na ya mwingine. Tena wanatukumbusha kwamba machifu wengi walimtozea mkoloni kodi na kuwatoa watu kwa kazi za shuruti. Hayo ni kweli, wala tusiyafiche. Mrithi ajisifuye kwa ushujaa wa babu hana budi kuzipokea na lawama za babu. Hawezi kurithi ng'ombe akaliacha deni.

Lakini hapo ndipo tunapoona maana ya jambo lenyewe. Tuseme ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba la kahawa. Wanaogopa gharama za kesi, tena wanaogopa kuchukiana hata kwa watoto wao. Wanamwendea mwene. Hawezi kuwaita kwa nguvu wala kuwatoza faini. Wanakwenda kwa sababu wanaamini kwamba hatapendelea. Siku atakapopokea mbuzi wa upande mmoja kwa siri, jina la vizazi vingi litakufa kabla ya jua kuchwa, wala hakuna sheria itakayolifufua. Mtawala wa zamani aliweza kupoteza imani ya watu akabaki na mikuki yake. Wa leo hana kitu kingine ila imani hiyo.

Basi sisi twaona jina la ukoo si mali, bali ni deni. Waliotangulia waliaminiwa, na yeye anadaiwa uaminifu uleule. Tuliambiwa zamani kwamba cheo ni dhamana. Jina nalo ni dhamana, hata pasipo cheo.

Je, mtoto wa mkulima asiye na ukoo mkubwa asamehewe deni hilo? Hasha. Yeye naye ana jina, na atawaachia wanawe. Tofauti ni kwamba mwana wa mwene anaanza kutazamwa mapema zaidi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tusimwinamie mtu kwa sababu ya babu yake, wala tusimdhihaki kwa sababu hiyo. Tumwulize jambo moja tu: wawili wakigombana, je, wote wawili wanaweza kumwendea?