Kalamu Ikiinuliwa Nusu



Kila siku Hospitali ya Mulago hupokea majeruhi wa bodaboda walioumia kichwa. Mfupa huunga, kidonda hufunga, na kijana hurudi darasani. Hapo ndipo mtihani mwingine huanza. Anasahau miadi. Kelele za Wandegeya zinamchosha kabla ya adhuhuri. Anaanza kazi tatu asimalize hata moja. Aliyekuwa mpole sasa anafoka kwa neno dogo. Kwa kuwa jeraha halionekani, tunamwita mvivu, mwenye kiburi, au dhaifu wa imani.

Je, ana lawama? Hadithi mashuhuri inatufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: mtoto, aliyelala na aliyepoteza akili. Lakini ndugu yetu huyu hakupoteza akili. Anajua kuwa kosa ni kosa, na mara nyingi hujuta saa ileile. Kinachoumia aghalabu ni sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mambo na kuzuia hasira. Usukani anao, ila breki zimelegea.

Kusema hana lawama yoyote ni kumvunjia utu wake. Kumhukumu kama zamani ni dhuluma. Aya ya mwisho ya Al-Baqara inatupa kanuni: nafsi haibebeshwi isichokiweza. Na uwezo wa mtu huyu si sawa asubuhi na jioni. Basi anawajibika kwa anachokiweza: kuandika miadi yake, kuondoka kabla hasira haijapanda, kuomba radhi. Kinachobaki kinahamia kwetu: kumkumbusha bila kejeli, kumwazima notsi, kumtafutia mahali penye utulivu.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne. Dhul-Yadayn akamwuliza; naye akakamilisha swala, kisha akasujudu sijida ya kusahau. Kusahau kukawekewa njia ya kurekebishwa, hakukufanywa aibu. Na aliyekumbusha alikuwa mmoja wa waliosali nyuma yake.

Sisi tulio wazima tujiulize: upole wetu ni juhudi yetu kiasi gani, na ni neema ya ubongo mzima kiasi gani? Anayelitafakari hilo hapesi kuhukumu wenzake. Na akipanda boda, huvaa helmeti, maana amana hutunzwa.