Haki ya Askari Aliyekufa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Huenda ikatokea katika nyumba ya Waswahili, Muscat au Dubai, mtoto akafungua sanduku la nyaraka za ukoo akakuta picha iliyofifia: kijana mwenye kofia ya tarbushi, kaptura na mkanda wa ngozi. Mtoto akauliza, "Huyu ni nani?" Akajibiwa kuwa ni baba yake babu, aliyekwenda vitani asirudi. Akauliza tena, "Alikufa shahidi?" Hapo wakubwa wakatazamana.

Majibu mawili huwa mepesi ulimini. La kwanza ni kusema, "Naam, alikuwa shujaa na shahidi," kwa kuwa ukoo hupenda kujifakharisha kwa wafu wake. La pili ni kusema, "Aliwapigania wakoloni, mwacheni na mambo yake." Jibu la kwanza linampa maiti cheo ambacho hakuna mwanadamu mwenye mamlaka ya kukitoa. La pili linamnyima haki ambazo hakuna mwanadamu mwenye ruhusa ya kuzizuia. Basi yapasa kuuliza: askari aliyekufa katika vita ambavyo huenda havikuwa vyake, anawadai nini watu wa kwao?

WALIKUWA NANI

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika ya Mashariki mwezi wa Agosti 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yenye reli chache na barabara chache zaidi. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maradhi ya mbung'o. Kwa hivyo mzigo wa vita ukawekwa juu ya vichwa vya wanadamu. Unga, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilichukuliwa na wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, watu waliotumika kwa kazi hiyo wanakisiwa kufikia milioni moja. Zanzibar nayo ilitoa wapagazi wake. Baadhi yao waliingia kwa hiari wakitaka ujira. Wengi walikamatwa kwa nguvu mashambani na njiani.

Jeshi lao la uchukuzi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza kuwa Kariakoo. Mtu anayekwenda leo sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, analitamka jina la wafu hao bila ya kujua, kama vile anavyolitamka mkaazi wa Kariokor mjini Nairobi. Walio wengi katika wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, baridi ya milimani na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Wakazikwa kando ya njia na msafara ukaendelea. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huona kuwa idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo.

Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa King's African Rifles, waliojulikana mitaani kwa jina la Keya, walipelekwa Uhabeshi, Madagascar na Burma. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Hao kaburi lao ni bahari. Hakuna mtoto wao aliyepata kusimama penye kichwa cha kaburi akamtolea baba yake salamu.

SANAMU NA JINA

Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya shaba ya askari, na sanamu nyengine za kumbukumbu zikawekwa Nairobi na Mombasa. Maandishi yaliyowekwa chini ya sanamu ya Dar es Salaam yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watalikumbuka jina lao. Ahadi hiyo ni nzuri masikioni. Lakini katika sanamu hiyo hapana jina hata moja. Dola iliyowachukua watu ikaacha kuyaandika majina yao, kisha ikawatwika watoto wao kazi ya kuyakumbuka.

Na tofauti hiyo inaonekana hata Zanzibar. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa siku ile wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani, ambacho Waingereza walikiita Kisiwa cha Makaburi. Hapana ubaya wowote katika hilo, kwani maiti wa kila kaumu ana heshima yake ya kuzikwa. Lakini mpagazi aliyekufa bara katika vita hivyo hivyo, chini ya bendera hiyo hiyo, jamaa zake hawakuoneshwa hata mti aliozikwa chini yake.

Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917, na msingi wake ulikuwa kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, bila ya kubaguliwa kwa cheo, asili wala dini. Mwezi wa Aprili 2021 Tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikakiri kuwa msingi huo haukufuatwa kwa wote. Ripoti ilisema kuwa watu baina ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wa Afrika na Bara Hindi, walikumbukwa kwa namna isiyokuwa sawa na wenzao. Na wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Radhi hiyo ilikuja baada ya zaidi ya miaka mia moja, na aliyekuwa akiisubiri hakuwapo tena.

Muislamu asomapo habari hizi hukumbuka kisa cha mtu mnyonge aliyekuwa akiusafisha msikiti wa Bwana Mtume (S.A.W.). Alikufa, na masahaba wakamzika bila ya kumuarifu Mtume, kama kwamba waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume alipomkosa aliuliza habari zake. Alipoambiwa kuwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomuarifu, akataka aoneshwe kaburi, akaenda akamsalia. Hakumjengea kuba wala hakuamrisha asimamishiwe nguzo. Alilouliza ni kaburi lake, na alilompa ni sala. Katika hayo mawili umo mafunzo wa kumtosha mwenye kuzingatia.

HUKUMU NI YA MWENYEZI MUNGU

Ama suala la mtoto, "Alikufa shahidi?", jawabu yake inahitaji uangalifu. Bwana Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu anayepigana kwa ajili ya ngawira, na anayepigana ili atajwe, na anayepigana ili ushujaa wake uonekane. Alibainisha kuwa aliye katika njia ya Mwenyezi Mungu ni yule anayepigana ili neno la Mwenyezi Mungu liwe juu. Vita vya 1914 vilikuwa vita vya madola yaliyokuwa yakigombania ardhi za wengine. Kumwita shahidi kila aliyekufa ndani yake ni kusema jambo bila ya ilimu.

Lakini upande wa pili nao una hatari yake. Mtu aliyetolewa shambani kwake kwa nguvu akatwikwa mzigo hakuuza dini yake. Kijana aliyejiandikisha kwa kuwa nyumbani kulikuwa na njaa, ni nani ajuaye aliyokuwa nayo moyoni usiku wa mwisho wa uhai wake? Wanavyuoni wa Kiibadhi wameweka, baina ya walaya na baraa, daraja ya wukufu: kusimama, kutomtangaza mtu kuwa ni wa peponi wala kumhukumia uovu, pale ambapo hali yake haikujulikana. Wukufu ni adabu ya mja mbele ya ilimu ya Mola wake.

Hata hivyo, wukufu si usahaulifu. Mtu akisimama katika kumhukumu maiti, hakusimama katika kumtimizia haki zake. Hakimu mwadilifu huweza kuiahirisha hukumu. Mwenye deni hana ruhusa ya kuliahirisha deni kwa sababu tu hajui kama aliyemkopesha alikuwa mtu mwema. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kuwa kumkumbuka askari ni kuvisifu vita vyake, basi wanaomchukia aliyevianzisha humsahau aliyefia humo. Kumbe vita vina wenyewe watakaoulizwa juu yake, na maiti ana haki zake mbali.

YANAYOWAPASA WALIO HAI

Haki ya kwanza ni deni. Kur-ani imetanguliza wasia na deni kabla ya kugawanywa mirathi, na Bwana Mtume (S.A.W.) alipata kujizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka mmoja wa masahaba alipodhamini kulilipa. Aliyekwenda vitani ghafla huacha madeni bila ya kuyaandika. Na yeye pia huwa anadai. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza haikuwafikia warithi, kwa sababu majina yao na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Fedha hizo zilijadiliwa miaka mingi baina ya wakubwa wa makoloni na London, na mwenye haki hakuitwa kwenye majadiliano. Jina lililoandikwa vibaya si kosa dogo la karani. Mjane mmoja hukosa posho yake kwa herufi tatu.

Haki ya pili ni ya aliowaacha. Mjane na yatima wa askari ni amana ya mtaa wake. Mtaa unaokusanyika kila mwaka kuwataja wafu wake, na huku mzee aliyerudi kutoka vitani analala bila ya chakula, haukumkumbuka mtu. Askari wa vita vya Burma karibu wote wamekwisha kufariki. Lakini wapo waliopigana katika vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 ambao sasa ni wazee, na miongoni mwao wamo wanaosahauliwa wangali hai. Kuwatembelea hao ni bora kuliko hotuba juu ya makaburi yao.

Haki ya tatu ni ukweli, na ukweli una pande mbili. Majeshi yote mawili ya 1914 hadi 1918 yalichukua ng'ombe na nafaka za raia. Katika nchi ya Wagogo, baada ya majeshi kupita na mvua kukosekana, ikaja njaa kubwa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Askari waliochukua chakula kile walikuwa na mama zao, na waliokufa kwa kukikosa walikuwa na mama zao vile vile. Mwenye kumkumbuka askari kwa haki hayafichi hayo. Kumsingizia maiti mema asiyoyafanya hakumfai kitu, kwa kuwa hatahesabiwa kwa kauli za jamaa zake. Na Kur-ani imefundisha kuwa umma uliopita una yake uliyoyachuma, wala waliokuja baada yake hawataulizwa juu ya matendo yake. Wataulizwa juu ya yao.

Haki ya nne ni dua. Kuwaombea waumini wote waliotangulia, kwa jumla, ni mlango ulio wazi. Kila anayestahiki yumo ndani ya dua hiyo, hata kama jina lake halijulikani kwa yeyote duniani, kwani Mwenyezi Mungu hahitaji orodha ya karani. Ama kulijengea kaburi, kulipamba, na kufanya mikusanyiko ya kujionesha, hayo hayamfikii maiti.

JAWABU YA MTOTO

Familia iliyohama mara mbili au tatu, kutoka kijijini hadi mjini, na kutoka ng'ambo moja ya bahari hadi nyengine, hupoteza majina haraka kuliko inavyopoteza mali. Mjukuu wa leo anayajua majina ya wachezaji wa mpira wa nchi za mbali, na jina la baba yake babu halijui. Bibi anayelijua jina hilo yu hai leo; kesho haijulikani. Basi na aulizwe leo: aliitwa nani mwana wa nani, alitoka mtaa gani, alichukuliwa mwaka gani, alikuwa akidaiwa na nani, na nani alibaki na watoto wake. Na hayo yaandikwe nyuma ya picha ile ile, kwa kalamu isiyofutika.

Kisha mtoto aambiwe hivi: "Huyu ni fulani bin fulani. Alichukuliwa vitani akafa. Kama alikufa shahidi, Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye. Alikuwa na mama aliyemngoja mpaka akafa. Alikuwa na deni dukani, na ndugu yake alililipa. Wewe umetokana naye."

Jawabu hiyo haina fahari ndani yake wala haya. Mtoto atakayekua nayo hatampenda mtu kwa kuwa amesimamishiwa sanamu, wala hatamdharau mtu kwa kuwa amezikwa kando ya njia. Na siku atakapoitwa kumchukia au kumsifu asiyemjua, atajua kusimama.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.