Posa ya Madaktari

Kila mwaka, Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Machi, saa sita za mchana kwa saa za New York, maelfu ya vijana wanaomaliza masomo ya udaktari nchini Marekani hufungua bahasha. Ndani yake mna karatasi yenye maneno machache tu: jina la hospitali, na fani ambayo kijana huyo ataisomea ubingwa kwa miaka mitatu, mitano au saba ijayo. Ukumbini huwa wamekuja wazazi waliosafiri usiku kucha, na wachumba, na watoto wachanga mikononi mwa mama zao. Wapo wanaopiga makelele ya furaha, wapo wanaolia. Katika baadhi ya vyuo imebaki ada kongwe: wanafunzi huitwa mmoja mmoja kwa kura, kila aitwaye hutia dola chache ndani ya chombo, na yule wa mwisho kabisa, aliyekaa muda wote huo roho mkononi, huchukua fedha zote zilizomo.

Mwenye kuitazama sherehe hiyo kutoka mbali huenda akadhani kwamba ni furaha ya kufaulu mtihani. Sivyo. Mitihani imekwisha kupita. Waliomo ukumbini hawakushinda kitu siku hiyo, wamepangiwa. Wiki chache kabla yake walikwisha kuandika orodha ya hospitali wanazozitaka, wakatia saini ahadi ya kwamba watakwenda katika yoyote kati ya hizo watakayopewa. Hakuna kukataa baadaye, na anayevunja ahadi anaweza kufungiwa mlango huo kwa mwaka au zaidi. Basi tuna haki ya kuuliza: furaha ile ni ya nini hasa? Na je, wote waliostahiki kuulizwa kabla ya sherehe hiyo waliulizwa?

Jina la siku hiyo kwa Kiingereza lina maana ya kitu kulinganishwa na mwenziwe, na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulitafutia tafsiri, kwa kuwa tunalo neno kufu. Wala si mzaha. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walichapisha makala fupi iliyoeleza namna ya kuwaoanisha wanaume na wanawake kadhaa, kila mmoja akiwa na mapenzi yake, hata pasibaki wawili ambao wangetamani kuwaacha waliopewa wakaenda zao pamoja. Walichokuwa hawakijui ni kwamba madaktari walikuwa wakiutumia utaratibu unaofanana na huo tangu mwaka 1952. Alvin Roth ndiye aliyeonyesha mwaka 1984 kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Na mwaka 2012 yeye na Shapley wakapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Gale alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2008.

Utaratibu wenyewe unaelezeka kwa lugha ya posa bila ya shida yoyote. Mwanafunzi huandika hospitali kwa mpangilio wa mapenzi yake, na hospitali nazo huandika majina ya wanafunzi zilizowasaili, wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu kompyuta hushika kazi ya mshenga. Huipeleka posa ya mwanafunzi kwenye hospitali aliyoitanguliza. Hospitali ikiwa ina nafasi humshika, lakini haifungi ndoa. Akija mwingine iliyemtanguliza zaidi, yule wa kwanza huachiliwa, na mshenga hubeba posa yake mpaka kwenye mlango wa pili katika orodha. Huenda hivyo mpaka pasibaki posa ya kupelekwa, ndipo ndoa zote zikafungwa kwa wakati mmoja.

Lipo jambo moja ndani ya hisabati hiyo linalofaa kuangaliwa: anayeposa hupata lililo bora kwake kuliko anayengoja kuposwa. Jambo hili limethibitishwa kwa hoja kamili, ingawa bibi zetu waliowekwa ndani wakingoja hodi ya mshenga wangeliweza kulisema bila ya hoja yoyote. Kwa zaidi ya miaka arubaini waposaji walikuwa hospitali, na vijana ndio walioposwa. Ulipokuja mwaka 1998 mpango ukageuzwa, Roth na Elliott Peranson wakiwa ndio mafundi wake, na vijana wakawa waposaji. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo mno, kiasi ya mtu mmoja katika elfu. Lakini heshima haipimwi kwa hesabu hiyo peke yake. Kuna farka kubwa baina ya kupewa kwa sababu umeomba na kupewa kwa sababu umebakia.

Kabla ya utaratibu huo mambo yalikuwa ni ya soko la samaki wakati wa magharibi. Nafasi za kazi hospitalini zilikuwa nyingi kuliko wahitimu, kila hospitali ikitaka kumuwahi kijana kabla ya jirani yake, hata ikafika miaka ya 1940 mwanafunzi akafungwa kwa mkataba miaka miwili kabla ya kumaliza masomo, hajajua bado kama atapenda upasuaji au watoto. Vyuo vikaafikiana kuzuia sifa za wanafunzi zisitolewe mapema. Hapo mbio zikahamia kwenye muda wa kujibu: mwaka 1945 kijana alipewa siku kumi za kufikiri, ilipofika 1949, hata muda wa saa 12 ulionekana ni mrefu. Simu zikilia, jibu likitakiwa hapo hapo. Na mpango wa kwanza wa kuoanisha, uliotolewa mwaka 1951, ulikuwa na dosari ya kumwadhibu msema kweli, kwani aliyetanguliza hospitali ngumu kupatikana aliweza kuikosa hata ya pili yake. Wanafunzi wenyewe ndio waliopinga, na mpango ukarekebishwa kabla ya kuanza kazi. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya historia hii inayostahiki sherehe zaidi kuliko bahasha, lakini haina siku yake.

Sasa, je, mtu aliyetoa neno lake kabla ya kujua aendako ni mtu huru? Wapo wanaosema hapana. Mwaka 2002 baadhi ya madaktari walifungua kesi wakidai kwamba utaratibu huu unawanyima vijana nafasi ya kupatana mshahara, kwa kuwa hospitali inajua kwamba aliyepangiwa hana pengine pa kwenda. Hoja yao haikuwa nyepesi. Hawa ni watu wanaofanya kazi mpaka saa 80 kwa wiki, na hicho ni kikomo kilichowekwa nchi nzima mwaka 2003, baada ya miaka mingi ya kutokuwapo kikomo cha namna hiyo. Kesi haikufika mwisho wake wa asili: mwaka 2004 Bunge la Congress lilitunga sheria ya kuulinda mpango huo, na mahakama ikaitupa kesi mwaka huo huo. Swali zuri likazibwa mdomo.

Hata hivyo mimi sioni kwamba utumwa umo katika ahadi. Uhuru wa kijana yule ulikuwa katika usiku alipokaa na orodha yake, akaweka hili juu na lile chini. Baada ya hapo amefungwa na neno lake, kama anavyofungwa kila mwenye neno. Na furaha ya Ijumaa naifahamu kwa njia hiyo: ni furaha ya mtu ambaye khiyari yake imekwisha na majukumu yake yamepata jina. Ni jamaa ya furaha ya harusi. Ndiyo maana huja pamoja na machozi.

Waliokosa kabisa hujulishwa tangu Jumatatu ya wiki hiyo, wasije wakafunguliwa aibu mbele ya watu. Na baina ya siku hizo mbili huwapo utaratibu mwingine, ulioanza mwaka 2012, wa kuwagawia nafasi zilizobaki. Ni huruma iliyopangwa vyema, na sina la kuongeza juu yake. Kinachonishughulisha ni mtu wa tatu.

Daktari ameandika orodha. Hospitali imeandika orodha. Mgonjwa hakuandika. Yeye ndiye atakayelala katika nyumba itakayojengwa na ndoa hiyo, ndiye atakayeshikwa mkono usiku wa manane na mikono hiyo iliyofungua bahasha, na mshenga hakubisha hodi kwake. Tukisema kwamba kufu imepatikana, tunasema kwa upande wa nani?

Huenda msomaji akadhani kwamba dawa ni kuurekebisha mpango, ili hospitali za mashamba nazo zipate watu. Hapa hisabati inatoa jibu zito. Mwaka 1986 Roth alithibitisha kwamba hospitali isiyoweza kujaza nafasi zake katika mpangilio mmoja ulio thabiti, itapata madaktari wale wale, na idadi ile ile, katika kila mpangilio mwingine ulio thabiti. Mbadilishe mshenga, mgeuze mwenye kuposa, hospitali ya kijiji itabaki na vitanda vyake na upungufu wake. Mshenga haumbi mapenzi. Huyachukua kama alivyoyakuta. Kama nyoyo zote zimeelekea Boston na San Francisco, haki ya utaratibu haiwezi kumleta mtu kwa mgonjwa wa mlimani.

Na nyoyo hizo hazielekei huko kwa ubaya. Wengi wamebeba deni la masomo linalokaribia dola 200,000. Wengine wana mume au mke anayetafuta kazi mji ule ule, na kuna hata ndoa za kweli zinazoingia katika mpango huu, wawili wakiandika orodha moja, jambo lililowasumbua mafundi wa hisabati miaka mingi. Lakini matamanio ya mtu, hata yakiwa na udhuru, hubakia kuwa ni yake, na mtu anaweza kuulizwa juu yake. Utaratibu wa haki una hatari hii, kwamba huwapa watu nafasi ya kuacha kujiuliza walitaka nini na kwa nini, kwa kuwa walichokipata wamekipata bila ya hila.

Nani basi huenda kwa yule mgonjwa wa mlimani? Mara nyingi ni mgeni. Mwaka 2024 wahitimu wa vyuo vya udaktari vya Marekani zaidi ya tisa katika kila kumi walipata nafasi. Raia wa nchi nyingine waliosomea nje, miongoni mwao wakiwa watoto wa Afrika Mashariki, walipata takriban sita katika kila kumi. Wengi wa wageni huingia kwa viza inayowataka warudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Tangu mwaka 1994 iko sheria inayoyaruhusu majimbo kuwaombea msamaha wa sharti hilo, mradi wafanye kazi miaka mitatu mahali penye uhaba wa madaktari. Kwa hiyo hukutana wawili ambao hawakuwamo juu katika orodha ya yeyote: mji uliokosa kupendwa na daktari aliyekubaliwa mwisho. Na hutibiana vizuri. Anayelipa gharama ni mgonjwa mwingine, huko daktari alikotoka, ambaye naye hakuulizwa.

Sisi wa visiwani tunaijua sura nyingine ya jambo hili. Tangu mwaka 1964 madaktari wa jimbo la Jiangsu nchini China wamekuja Zanzibar kwa zamu, kundi baada ya kundi, Unguja na Pemba. Hawa walitumwa. Hapakuwa na orodha wala bahasha, na mama aliyepasuliwa Mkoani hakuwahi kumuuliza daktari wake kama alitanguliza Pemba. Sisemi kwamba kutumwa ni bora kuliko kuchagua. Aliyetumwa anaweza kuhesabu siku. Nasema tu kwamba mkono wenye ujuzi unaweza kuja bila ya furaha ya Ijumaa, na kwamba aliye kitandani huujua mkono kwanza.

Bali isidhaniwe kwamba kutokuwapo sherehe ni ucha Mungu. Wiki ile ile ya katikati ya Machi 2024, bahasha zikifunguliwa Marekani, madaktari wa Kenya walianza mgomo uliochukua siku 56. Miongoni mwa mambo makubwa yaliyowagombanisha madaktari na serikali ni wanagenzi: vijana waliokwisha kuhitimu, wakakaa majumbani wakingoja kupangiwa hospitali, na serikali ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya zaidi ya 200,000 zilizokubaliwa mwaka 2017. Uanagenzi si ubingwa, ni mlango wa kabla yake. Lakini bila ya mlango huo hakuna daktari. Na hospitali ziliwahitaji, hilo hakuna aliyelikana. Hapo mgonjwa hakusahauliwa na mshenga. Mshenga hakutoka nyumbani.

Kwa hiyo sithubutu kuikebehi furaha ya wenzetu. Mwaka 2020 ukumbi ulifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, kila mtu akafungua lake nyumbani mbele ya kioo cha kompyuta, na mwezi uliofuata baadhi ya vyuo vya New York vikawahitimisha wanafunzi wao kabla ya wakati ili waingie mawodini. Hao waliijua hospitali yao ikiwa na vitanda mpaka kwenye ujia.

Katika miaka ya kawaida kazi huanza mwezi wa Julai. Kijana huingia na koti ambalo bado lina mikunjo ya dukani, mfukoni ana daftari dogo, na jina lake limeandikwa kifuani chini ya jina la hospitali aliyoitaka, au ya tatu, au ya kumi na moja. Mgonjwa wa kwanza ni mtu mzima aliyelazwa tangu jana. Anamtazama, anasogeza mto kidogo, anamuuliza anatoka wapi.