Machozi ya Mkristu na Matumaini Yake

Je, Mkristu hukatazwa kuwalilia wafu wake? Hakatazwi. Yezu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro, hali akijua ya kuwa atamfufua. Machozi ni tunda la upendo. Dhambi ni kukata tamaa, kana kwamba kaburi limemshinda Mungu.

Karibu na Lubutu, mahali paitwapo Tingi-Tingi, wakimbizi wengi sana wa Rwanda walipiga kambi mwishoni mwa mwaka 1996. Njaa na maradhi viliwaua wengi, watoto kwa wazee, mpaka vita vilipowatawanya waliosalia mwanzoni mwa Machi 1997. Waliokufa walizikwa mbali na kwao. Wako wasio na ndugu anayejua kaburi lao. Nani atawaombea? Eklezya huwaombea: tarehe 2 Novemba kila mwaka huwakumbuka marehemu wote, wenye jamaa na wasio na jamaa.

Basi mkatekumeni afiwapo, na alie. Asiende kwa mganga kuuliza ni nani aliyemloga marehemu. Apige magoti, awaombee wafu wake, na pamoja nao yule asiye na wa kumtaja. Mungu anamjua kwa jina, naye atamwita siku ya ufufuko.